Maswali Yangu, Maisha Yake

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimemaliza sura ya kitabu cha Whitmore kuhusu hatua nne za ukocha: lengo, hali halisi, njia zilizopo, nia ya kutenda. Kitabu ni cha 1992, lakini mzizi wake ni Timothy Gallwey na kitabu chake cha tenisi cha 1974. Badala ya kumfokea mchezaji namna ya kushika raketi, Gallwey alimwambia atazame mishono ya mpira unapomjia. Mkono ukajirekebisha wenyewe. Imani ya ukocha ndiyo hiyo: jibu analo mteja, kocha anamwonyesha tu pa kutazama. Naikubali. Ila mchezaji wa Gallwey mpira alikuwa anauona. Anayewaza kuacha kazi hajauona bado.

Alhamisi, 8 Mei

Mteja wa saa kumi jioni ni karani wa benki, anataka fremu Kariakoo auze vitenge. Nimeuliza lengo, akiba, na mume anasemaje. Kajibu yote vizuri, kisha akalaza simu kifudifudi mezani. "Dada, maswali nimeyaelewa. Lakini wewe si uliacha kazi? Ulifanyaje?"

Kwetu, mtu akiulizwa hivyo akajibu kwa swali jingine, anaonekana mchoyo. Kungwi humfunda mwali kwa yaliyomfika yeye mwenyewe, na mwali anategemea hivyo.

"Nikusimulie lipi? Nilivyoamua, au kilichofuata?"

Akafikiri. "Miezi ya mwanzo. Mlikula nini?"

Nikamwambia: mauzo yalikuwapo, hela mkononi haikuwapo, maana wateja walichukua kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Na nilikuwa nakaa kwa mama Tandika, silipi kodi.

"Mimi nalipa," akasema.

Nikaishia hapo. "Kwako, nani atachukua kwa mkopo?"

Akataja shangazi wawili, wakwe, na nusu ya ofisi. Akacheka, halafu akanyamaza, akavuta daftari akaanza kuandika majina.

Jumanne, 13 Mei

Kwa msimamizi wangu. Anasema hadithi ya aliyefanikiwa ni tamu, na mteja ataiga hata lile usilomshauri. Kwa hiyo hadithi isitoke bila mazingira yake: ile nyumba ya mama ni sehemu ya jibu, tena pengine kubwa kuliko ujasiri wangu. Akanikumbusha utaratibu wa Miller na Rollnick katika ushauri wa kubadili tabia: unauliza, unatoa taarifa kwa ruhusa, unauliza tena anaionaje. Ndivyo kikao cha Alhamisi kilivyokwenda.

Nikamuuliza vipi mteja akiniuliza habari za talaka yangu. "Mwanangu, ukiisimulia, nani atamliwaza mwenzake?"

Jumapili, 18 Mei

Nimejiandikia: ya biashara natoa, kwa kifupi, na hasara zake ndani. Ya ndoa sitoi, bado mabichi. Nikijisikia hamu ya kusimulia kabla sijaombwa, hamu hiyo ni yangu; mteja haimhusu.

Jioni karani katuma ujumbe: mwenye fremu anataka kodi ya mwaka mzima pamoja na kilemba. Anauliza nilipolipa mimi ilikuwa shilingi ngapi. Bei yangu ni ya zamani, itampoteza. Nimemjibu aulizie fremu nyingine mbili mtaa huohuo, Alhamisi aje na bei zote tatu tuzitazame pamoja.