Gitaa Langu Dogo Lilivyonipeleka Nazareth

Ukitoka Philadelphia kuelekea kaskazini, baada ya saa moja hivi vibao vya barabarani vinaanza kusomeka kama somo la Shule ya Jumapili: Emmaus, Bethlehem, Nazareth. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Sisi tuliolelewa katika Kanisa la Moravian kule Tukuyu tumeyaimba majina haya tangu utoto, na sasa simu ilikuwa inaniambia nikate kushoto niyafikie. Kiti cha nyuma, nikiwa nimelifunga mkanda kama mtoto, lilikuwa gitaa langu.

Ni gitaa dogo, la saizi inayoitwa 00. Lote ni mbao ya mahogani, mbele, nyuma na ubavuni, rangi yake kama chai isiyo na maziwa. Sehemu yake pana zaidi ni sentimita 36 hivi, wakati yale makubwa yanayoonekana majukwaani yanakaribia 40. Ni tofauti ya vidole viwili tu, lakini mtu mfupi kama mimi anaijua begani. Nililinunua likiwa limetumika, kwa fedha za zamu za usiku, mwaka wangu wa pili huku Marekani. Nililichagua kwa sababu lilinikumbusha la baba.

Baba hupiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Mtindo huo vijana wa zamani waliupata kwenye redio na santuri kutoka Katanga, kwa wapigaji kama Jean Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Upigaji wa namna hiyo hauhitaji gitaa kubwa. Kubwa linataka nguvu ndipo liseme. Dogo linajibu hata ukiligusa taratibu, na kwa mtu anayeishi ghorofani, anayerudi kazini wakati majirani wamelala, hilo si jambo dogo.

Majira ya baridi yaliyopita, gitaa hili lilipasuka.

Sikuliangusha. Nililitundika ukutani, juu ya hita, likakaa hapo tangu Novemba. Wenzangu mlio nchi za baridi mnaijua hewa ya nyumba zetu wakati huo: midomo inakauka, ngozi inawasha, ukigusa kitasa cha mlango unapigwa na umeme. Hewa baridi ya nje haibebi maji mengi. Ikiingia ndani ikapashwa moto bila kuongezwa maji, inakuwa na kiu, na inanyonya unyevu kwenye kila kitu. Mbao nayo inanyonywa. Inasinyaa kwa upana, huku kingo zake zimeshikwa na gundi, hivyo haina pa kwenda isipokuwa kupasuka.

Dalili zilikuwapo. Vile vyuma vidogo vya shingoni vilikuwa vimeanza kuchomoza pembeni na kukwaruza kiganja, kwa kuwa mbao ilisinyaa na chuma hakisinyai. Kifua kilikuwa kimebonyea kidogo, nyuzi zikashuka. Mimi sikuona, kwa sababu sikuwa naligusa.

Kila Jumapili baba aliniuliza, "Gitaa umeligusa?" Nami nilimjibu, "Nimeligusa, Baba." Ulikuwa uongo. Nilikuwa nafanya zamu za usiku za saa 12, nne mfululizo, na ya ziada ikitokea siikatai, maana kuna karo za wadogo zangu na kuna kodi. Nilirudi, nikalala, nikaamka, nikaondoka. Kufikia Februari, simu za Jumapili zilikuwa zimegeuka ujumbe wa sauti, na ujumbe wa sauti ukageuka alama ya dole gumba.

Jumapili moja alinishika hewani. Akasema, "Nipigie kidogo, mama, nisikie." Nililishusha ukutani. Uzi wa nne ulivuma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, na chini ya daraja la nyuzi niliona ufa, mrefu kama kidole changu cha kati. Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Kazi yangu, ndugu msomaji, ni kupima maji. Kila mgonjwa wangu naandika yaliyoingia na yaliyotoka. Naangalia midomo, navuta ngozi, najua mtu aliyekaukiwa kabla hajasema. Na chumbani kwangu kitu nilichokipenda kimekauka mbele ya macho yangu miezi mitatu.

Nililipeleka kwa fundi mmoja mzee. Hakukimbilia gundi. Aliweka kipima unyevu ndani ya kasha, akasubiri, akanionyesha: asilimia 22. Magitaa ya mbao kama hili yanapendekezwa yakae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. "Halijavunjika," akasema, "lina kiu." Alikaa nalo wiki mbili ndani ya kasha lenye sponji yenye unyevu, polepole, mpaka ufa ukajifunga karibu wote. Ndipo akapaka gundi, na kwa ndani akabandika vipande vitatu vidogo vya mbao kuushika. Niliuelewa ule utaratibu wake. Mgonjwa aliyekaukiwa sana humrudishii maji yote kwa mkupuo.

Siku ya kulichukua akaniuliza kama nimewahi kufika lilikozaliwa. Nikasema sijafika. Akasema ni mwendo mfupi tu, nione aibu. Ndiyo maana Alhamisi moja ya mwezi Mei, siku yangu ya mapumziko, nilikuwa kwenye barabara ile ya vibao vya Biblia.

Nazareth ni mji mdogo, wenye nyumba za matofali na kanisa lisilojitangaza. Wamoravian walifika hapo mwaka 1740. Kuna nyumba ya mawe walioianza mwaka huo, Whitefield House, ambayo ilikusudiwa kuwa shule ya watoto yatima weusi. Leo ni makumbusho ya historia yao. Nilisimama nje nikafikiria Rungwe, ambako Wamoravian walifungua misheni mwaka 1891, na matarumbeta ya kanisa letu asubuhi ya Pasaka. Huku nako kupuliza tarumbeta ni mila yao ya zamani. Sikutarajia kujisikia nyumbani mahali ambapo sikumjua mtu hata mmoja.

Aliyeanzisha kiwanda cha magitaa, Christian Frederick Martin, alikuwa mhamiaji kama sisi. Alizaliwa mwaka 1796 Markneukirchen, Ujerumani, mahali ambapo vyama vya mafundi viligombana: waliotengeneza fidla hawakutaka maseremala watengeneze magitaa. Mwaka 1833 akavuka bahari na familia yake mpaka New York. Miaka michache baadaye akahamia upande wa Nazareth, kwa watu waliozungumza lugha yake. Ukiisoma habari hiyo ukiwa mgeni ugenini, huhitaji mtu wa kukufafanulia.

Kwenye makumbusho ya kiwanda magitaa yamepangwa kwa umri, na kilichonishangaza ni udogo wa yale ya kale. Haya makubwa tunayoyaona ya kawaida ndiyo yaliyokuja baadaye, katika karne ya 20. Mengi ya zamani ni madogo kuliko langu. Ndani ya kiwanda niliona ubavu wa gitaa ukikunjwa kwa joto, na mtu akichonga kwa patasi vile vibao vyembamba vinavyoshika kifua kwa ndani, vimepishana kama herufi X. Mbao inayokaa kifuani ni nyembamba kuliko nilivyodhani, milimita chache tu. Nikaelewa kwa nini hewa inaiweza.

Sasa nina utaratibu, nao hauchukui hata dakika tano. Gitaa linalala ndani ya kasha, si ukutani. Ndani kuna kipima unyevu na kikasha cha sabuni kilichotobolewa matundu, chenye sponji iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa isidondoshe hata tone. Wakati wa baridi nakiangalia kila narudipo kazini, kabla sijavua viatu. Nikimaliza kupiga nafuta nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana jasho linazila. Silisahau ndani ya gari, kiangazi wala baridi. Na nikiingia nalo ndani kutoka kwenye baridi kali, kasha linabaki limefungwa kwa saa moja, mbao ipate joto taratibu na vanishi isipasuke.

Nilipotoka kiwandani nilikaa kwenye gari, milango wazi, nikampigia baba. Kwetu ilikuwa saa sita mchana, Tukuyu saa moja jioni, na nilisikia mvua juu ya bati lake.

"Baba, nilikudanganya," nikamwambia. "Sikuwa naligusa. Lilipasuka."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza limepasukia wapi, na nani ametengeneza, na kwa gundi gani. Nikamweleza kila kitu. Akacheka. Akaniambia la kwake lina ugonjwa wa kinyume: tangu mvua zianze kifua kimevimba, nyuzi zimepanda juu kama kamba ya kuanikia nguo, na vidole vyake vya sasa haviziwezi. Amelitundika jikoni, mbali kidogo na moto, mahali pa kukausha mahindi. Mama analalamika kwamba kila akipika gitaa linamwangalia.

"La kwako linakaushwa, la kwangu linaloweshwa," akasema. "Na wewe je? Huko kazini unakunywa maji?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia nitaanza.

"Haya. Sasa nipigie."

Nikalitoa kwenye kasha, nikaweka simu juu ya dashibodi, nikapiga wimbo alionifundisha nikiwa darasa la nne, kwa vidole viwili. Nilikosea mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, mvua ikinyesha nyuma yake.

"Uzi wa pili umelegea," akasema.

Nikaukaza.