Mizani ya Muuguzi

Kwa miaka thelathini na miwili niliwafundisha wanafunzi wa sekondari kuhesabu mizani kwa vidole: nane katika ukwapi, nane katika utao. Vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyonikosesha adabu usiku mmoja hospitalini.

Mke wangu alikuwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akipumulia mashine. Nami nilikaa nje ya dirisha la kioo, nikawa ninamhesabia muuguzi. Kila alipokaribia kitanda, nilikunja kidole. Saa mbili zikapita, vidole vitano tu. Alipotoka nilimkabili kwa maneno ambayo sikupata kumwambia hata mwanafunzi mtoro. Hakunijibu kwa ukali. Alivuta kiti, akaketi nami karibu saa nzima, akanieleza bomba lile lina kazi gani, na kwa nini mgonjwa hugeuzwa ubavu mara kwa mara. Mwishoni akasema, "Mwalimu, vitanda vyangu ni vitatu."

Mke wangu hakurudi nyumbani.

Miezi mingi baadaye binti yangu, ambaye naye ni muuguzi, alinieleza kwamba kazi hiyo ina mizani yake, na kwamba mizani hiyo ina historia. Mwaka 1974, Cullen na wenzake wa Boston, Marekani, walitunga kipimo kiitwacho TISS. Kila tiba aliyopewa mgonjwa ilipata alama, kuanzia 1 hadi 4. Aliyetibiwa kwa mambo mengi akahesabiwa kuwa mahututi zaidi, na mzigo wa muuguzi wake kuwa mzito zaidi. Mwaka 1996 kipimo hicho kilifupishwa kikabaki na vipengele 28.

Hapo mwalimu wa lugha ndani yangu aliinua mkono. Kutibu si kuuguza. Litazameni neno hili, wapenzi wa Kiswahili. Lala huzaa laza, amka huzaa amsha, ugua huzaa uguza. Kwa kanuni ya kauli ya kutendesha, anayekuuguza angekuwa anakufanya uugue! Lugha imeikataa maana hiyo. Anayeuguza ni yule anayekaa na ugonjwa wa mwenzake: anamwogesha, anamgeuza, anamsubiri. Kwa muda mrefu sijaona kitenzi kilichonishughulisha kiasi hicho.

Na mizani ya kwanza iliyapunja mambo hayo hayo. Mwaka 2003 Dinis Reis Miranda na wenzake walitoa kipimo kipya, NAS, chenye vipengele 23. Alama 100 ni kazi ya muuguzi mmoja katika zamu nzima. Mgonjwa mmoja aweza kufikia takriban 177, yaani muuguzi mmoja hamtoshi. Wagonjwa watatu wenye alama 70 kila mmoja wanafika 210, na huyo aliye zamu ni mmoja. Watafiti hao walikuta kwamba TISS ya vipengele 28 ilieleza asilimia 43 tu ya muda wa muuguzi. NAS ilieleza asilimia 81. Kilichoongezwa ni usafi wa mwili, kumgeuza mgonjwa, kazi za kuandika, na kuwahudumia jamaa.

Kuwahudumia jamaa! Nilimwomba binti yangu anisomee kipengele hicho mara ya pili. Muuguzi anayejitoa kikamilifu kwa muda wa saa moja hivi kumfariji mgonjwa au jamaa, au kuwaeleza hali ilivyo, huandikiwa alama 4. Akijitoa kwa saa tatu au zaidi, huandikiwa 32. Na mifano ya hizo 32 imetajwa: kifo, jamaa wengi, matatizo ya lugha, jamaa wenye uhasama.

Binti yangu alinyamaza kidogo. Sikuwa nimemsimulia habari za usiku ule.

Kumbe nilipokuwa nikihesabu, nami nilikuwa mzigo unaohesabika. Vidole vyangu vitano vilikihesabu kitanda kimoja tu. Safari za kwenda vitanda vingine sikuzikunjia kidole. Wala sikuihesabu saa aliyonipa mimi. Katika saa ile king'ora cha kitanda cha tatu kililia mara mbili. Mara zote mbili aliinuka, akaenda, akarudi, akaiendeleza sentensi pale alipoiachia.