Swichi Inapojizima, Tusiilazimishe

Akina mama wengi siku hizi tunatumia umeme jikoni, na wengi tumekwisha kuona jambo hili: unachomeka chombo, mara swichi ya ukutani inajizima na nyumba nzima inakuwa giza. Kwetu ilitokea juma zima, kila asubuhi tulipochemsha maji ya chai ya watoto.

Ushauri haukukosekana. Wapo waliosema tuiondoe swichi hiyo, waya ziungwe moja kwa moja. Wengine walisema tukate ule waya wa kijani na njano ndani ya plagi, uendao ardhini. Tulikataa. Tulitaka kwanza kujua swichi inatuonya nini.

Tulianza na mzigo. Birika letu la umeme ni la wati 2,200. Ukigawanya kwa volti 230 unapata ampea 9 na nusu hivi. Ukiongeza pasi ya wati 1,000 na jiko la koili la wati 1,500 kwa wakati mmoja, jumla inapita ampea 20, na waya zinaweza kupata moto. Dawa yake ni kutumia kimoja baada ya kingine. Lakini yetu ilijizima hata birika likiwa peke yake.

Basi tukachomoa vyombo vyote, tukaiwasha swichi, ikakaa. Kwa mikono mikavu tukarudisha kimoja kimoja. Friji, ikakaa. Pasi, ikakaa. Birika, ikajizima. Tukalihamishia soketi ya chumba kingine, ikajizima tena. Hapo tukajua ubaya ni wa birika lenyewe.

Fundi umeme alilipima kwa mita. Ganda la koili lilikuwa na ufa, maji yameingia, na umeme ulikuwa ukivuja hadi kwenye bati la nje. Swichi ya namna ile hujizima umeme ukivuja hata miliampea 30, maana kuzidi hapo moyo wa mtu unaweza kusimama. Tungeiondoa swichi na kukata ule waya, birika lingeendelea kuchemsha vizuri tu, lakini wa kwanza kulishika kwa mkono uliolowa angekuwa yeye njia ya umeme kwenda ardhini. Na kwetu, watoto ndio hukimbilia birika.

Birika lile tulilitupa, tukachemsha chai kwa mkaa hadi tulipopata fedha ya kununua jingine.

Kila jioni tunamwomba Mungu ailinde nyumba yetu. Hatuwezi kuomba ulinzi usiku, kisha asubuhi tukamng'oa mlinzi ukutani kwa sababu anatuchelewesha. Mama mwenzetu, swichi ikijizima mara ya pili, chomoa chombo hicho, kiweke mbali na watoto, umwite fundi anayejua kazi yake. Akikuambia akate waya wa ardhini ili mambo yaishe, mshukuru kwa kufika, kisha umtafute mwingine.