Kufa na Kufaa

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Sikudhani kauli hiyo ingenihusu katika jambo dogo kama kupiga chapa.

Kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nimekuwa nikinukuu ngano ambazo marehemu nyanya yangu alinisimulia nami nikazirekodi kwa simu. Kibodi yangu ina swichi za Cherry MX Red. Hizi, sawa na ndugu zao MX Black, hushuka moja kwa moja: kidole hakikumbani na kizuizi njiani, wala hakuna mlio wa kuarifu kwamba herufi imeingia. Zote hushuka milimita 4, na herufi huingia baada ya milimita 2. Tofauti imo katika springi. Red hudai nguvu ya sentinyutoni 45, sawa na uzito wa gramu 46 hivi, ilhali Black hudai 60.

Nilizipenda Red kwa wepesi wake, hadi siku nilipokuta nimeandika "alikufaa" pale ambapo sauti ya nyanya yasema "alikufa". Kidole kilisita juu ya kitufe, kitufe kikatii mara ya pili. Kompyuta haikunung'unika, kwani maneno yote mawili ni sanifu. Je, ni makosa mangapi mengine yaliyopenya? Msimulizi hayupo tena nimwulize.

Nikaazima kwa mwenzangu kibodi yenye Black. Springi yake hukisukuma kidole juu, mithili ya mzee amwambiaye kijana angoje. Sauti nayo ni tofauti. Swichi hizi hulia kitufe kinapogota chini na kinaporejea juu. Kwa Red, vidole vyangu viligota chini kila mara, hata nikalazimika kuongeza sauti ya rekodi. Kwa Black, aghalabu niliachia kabla ya kufika chini. Nikasikia mgoto hafifu tu wa kitufe kikirudi, na pumzi za nyanya baina ya sentensi.

Sidai kwamba Black zamfaa kila mtu. Ifikapo jioni vidole huniuma, na barua za kawaida ningali naziandika kwa Red. Wala lawama si ya swichi pekee. Vidole ni vyangu. Hata hivyo, ngano zote nimezianza upya kwa Black, neno kwa neno. Nimefika ya saba.