Niliandika "Akaishia"

Nilikosea. Nilikosea kwa maandishi, jina langu likiwa juu ya makala, na aliyeumia ni rafiki yangu wa tangu ujana.

Aprili 2022 alifariki Justin Green, mchoraji wa katuni wa Marekani, akiwa na miaka 76. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimtaja kila nilipofundisha uchoraji, kwa hiyo mhariri mmoja aliponiomba tanzia, niliiandika usiku mmoja bila kufungua kitabu. Niliamini namjua.

Nusu ya kwanza ya tanzia ile siijutii. Nilieleza kwamba Green alikulia Chicago, mama Mkatoliki na baba Myahudi, na kwamba mwaka 1972 alitoa "Binky Brown Meets the Holy Virgin Mary", kitabu chembamba cha katuni kilichochapishwa na Last Gasp ya California. Humo alijichora mwenyewe kwa jina la Binky: kijana anayeamini kuwa miale isiyoonekana inamtoka vidoleni na sehemu za siri, na kwamba ikigusa kanisa au sanamu ya Bikira Maria, amekufuru. Basi hupita njia za kuzunguka, hukunja vidole, huhesabu, husali, huanza upya. Yalikuwa maradhi ya akili, na Green aliyachora kabla hajajua yanaitwaje. Kitabu kinafunguka kwa picha ya mchoraji amening'inizwa kichwa chini, mikono imefungwa, kalamu ameing'ata mdomoni, akiungama kwa wasomaji wake.

Wachoraji wa katuni za chini kwa chini wa San Francisco walikuwa wamezoea kuchora ngono, bangi na matusi kwa serikali. Kuanika aibu yako mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, lilikuwa jambo jingine. Art Spiegelman, ambaye kitabu chake "Maus" kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1992, amesema wazi kwamba bila Binky Brown kusingekuwa na "Maus".

Kisha nikaandika sentensi hii: "Soko la katuni za chini kwa chini lilipoanguka, Green akaacha kuchora, akaishia kuandika vibao vya maduka."

Kuanguka kwa soko kulikuwa kweli. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu kila jamii ipime uchafu kwa kipimo chake, na wenye maduka madogo yaliyouza vijitabu vile wakaingiwa na hofu ya kushtakiwa. Kuandika vibao nako kulikuwa kweli, maana kwa miaka mingi Green alipata riziki yake kwa brashi na rangi. Yaliyobaki niliyatoa kichwani mwangu, na yaliingia kichwani humo siku nyingi kabla sijaombwa tanzia yoyote.

Miaka ya tisini mimi na mwenzangu mmoja tulitengeneza kijarida cha katuni Dar es Salaam. Tulikitoa fotokopi Kariakoo, tukakikunja kwa mkono, tukakipiga pini na kukiuza kituo cha basi cha Posta. Tulitoa matoleo saba. Yeye alichora vizuri kuliko mimi, na sote wawili tulilijua hilo. Alipopata mke na mtoto alichukua brashi, akafungua kibanda cha kuandika vibao Temeke. Mimi nikapata kazi ya kufundisha. Sikuwahi kumwambia, lakini tangu siku hiyo nilimhesabu kuwa ameanguka njiani. Nilimtembelea, nilikula kwake, nilicheza na wanawe, na muda wote huo nilikuwa nikimwonea huruma ambayo hakuniomba.

Tanzia ilipotoka nilimtumia kwenye simu. Nilitaka anipongeze. Hakujibu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kibandani kwake. Alikuwa akiandika kibao cha duka la dawa. Alikuwa amekwisha kupiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, na mkono wa kushoto ameshika fimbo yenye kitambaa nchani, wa kulia umeegemea juu yake. Neno lilikuwa DAWA. Nikamwona anafuta A ya mwisho, ambayo alikuwa ameichora kwa penseli tu, anaisogeza karibu na W. Nilipima kwa macho, nikamwambia ile ya kwanza ilikuwa sawa kwa rula.

"Kwa rula, ndiyo," akasema. "Lakini W na A zote zinalala upande. Ukiziachia nafasi sawa na za herufi zilizosimama, mtu akiwa ng'ambo ya barabara ataona neno limekatika." Akajaza brashi, akavuta mguu wa A kwa mkupuo mmoja, kutoka juu hadi chini, bila kurudia.

Kisha, bado akiangalia ubao, akaniuliza: "Nimesoma ile makala yako, bwana. Kwa hiyo na mimi nimeishia hapa?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba nilikuwa nazungumzia Mmarekani. Sikuweza, maana haikuwa kweli. Nilipoandika neno lile nilikuwa nimemwona yeye, kibanda hiki, makopo haya ya rangi. Nilikuwa nimechukua dharau yangu ya miaka zaidi ya ishirini, nikaivika jina la marehemu asiyeweza kujibu. Na muda mfupi tu kabla ya hapo, mtu huyo alikuwa amenifundisha jambo kuhusu herufi ambalo sikulijua, mimi mwalimu wa uchoraji.

Usiku ule ndipo nilipotafuta nilichopaswa kukitafuta mwanzoni. Green hakuacha katuni. Kwa miaka mingi alichora katuni kuhusu ufundi wa vibao katika "Signs of the Times", jarida la mafundi wenyewe, na baadaye zikakusanywa kuwa kitabu. Alichora pia maisha ya wanamuziki kwa jarida jingine. Kati ya katuni na kibao yeye hakuweka ukuta. Ukuta niliujenga mimi.

Gharama ni hii. Tulikuwa tumekubaliana kukusanya matoleo yetu saba yawe kitabu kimoja, na michoro yake ya asili, karatasi kama arobaini, ilikuwa kwangu. Alikuja kuichukua. "Si ugomvi," alisema. "Ila sitaki kazi yangu ikae nyuma ya dibaji yako." Kitabu hakitakuwepo. Mhariri alichapisha sahihisho kuhusu zile katuni za baadaye za Green, lakini "akaishia" limebaki pale pale, kwa kuwa halihesabiwi kuwa kosa la taarifa.

Niliomba radhi. Aliipokea. Michoro haikurudi, nami sikuiomba.

Nakueleza wewe kwa sababu neno hili liko mdomoni mwa kila mmoja wetu. Tunalisema tukisoma wasifu wa marehemu msibani, tukimtaja binamu aliyeishia darasa la saba, au jirani aliyeishia kuuza mkaa. Ukilikuta linakujia, simama kidogo. Je, umehakikisha kwamba safari yake ilikomea hapo? Na ni nani mwingine, aliye hai na karibu nawe, unayemhukumu kwa neno hilo hilo?

Siku hizi darasani nasema hivi: Green alichora katuni, akaandika vibao, akachora katuni kuhusu vibao. Sentensi hiyo ingetosha tangu mwanzo.