Nilienda Kusomea Biashara, Nikapewa Falsafa

Juzi kijana mmoja aliniuliza: shahada ya biashara ina faida gani kwa mtu anayeandika programu za tarakilishi? Nimeona nijibu hapa, maana hata baba yangu mzazi aliwahi kuniuliza swali linalofanana na hilo.

Nilisomea biashara Chicago, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Loyola kilichoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1870. Kitivo chake cha biashara kilianza 1922, nacho kiko katikati ya jiji, karibu na Michigan Avenue. Tangu 2012 kinaitwa Quinlan, kwa heshima ya Michael Quinlan, aliyeanza kazi McDonald's katika chumba cha barua akiwa bado mwanafunzi, akapanda hadi akawa mkurugenzi mkuu. Baba aliposikia kisa chake, aliuza kipande cha shamba nikasome.

Uhasibu, takwimu na fedha nilivitarajia. Sikutarajia falsafa, teolojia na maadili ya biashara, ambayo yalikuwa masomo ya lazima. Nilipomsomea baba ratiba kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani nimekupeleka seminari?" Kadi ya simu ikaisha kabla sijapata jibu.

Basi siku moja mwalimu wa maadili akatugawia hesabu zilizofanywa na kampuni ya magari ya Ford mwaka 1973. Kuzuia mafuta yasivuje na kushika moto gari linapopinduka kungegharimu dola 11 kwa kila gari. Upande wa pili, kila mtu ambaye angekufa aliwekewa dola 200,000. Jumla ilionyesha kwamba marekebisho hayalipi. Mwalimu akatuambia tutafute kosa. Tulipiga hesabu upya, tukakuta ziko sawa. Ndipo akauliza: hawa waliotiwa bei, nani aliwauliza? Darasa zima kimya.

Miaka ikapita, nikasahau. Mwaka 2018, hapa Nairobi, mteja mmoja alitaka nimtengenezee programu ya mikopo ya simu. Programu hiyo ingechukua nambari zote zilizo kwenye simu ya mkopaji, ili akichelewa kulipa, wapigiwe jamaa zake, mwajiri wake, hata mchungaji wake. Aliniletea jedwali kuonyesha jinsi madeni yangelipwa haraka. Nilikagua hesabu zake, zilikuwa sawa kabisa. Lakini nikamfikiria shangazi ya mtu, ambaye hakukopa hata senti, na hakuna aliyemuuliza.

Nilikataa kuandika sehemu hiyo. Kazi yote ikapewa mwingine, nami kodi ya nyumba ya miezi miwili nikamkopa ndugu yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja 2019, na kanuni za Benki Kuu zikapiga marufuku mtindo huo 2022. Pesa zangu hazikurudi.

Kwa hiyo kijana, kupiga hesabu utafundishwa popote. Ukipata chuo kinachokulazimisha uulize ni nani hakuulizwa, usilikwepe somo hilo kama nilivyotaka mimi.

Baba nilimsimulia kisa cha yule mteja. Alinyamaza kidogo, kama zamani, kisha akauliza kama nimeshamlipa ndugu yangu.

Nyinyi mngefanyaje? Niambieni.