Damu ya Nyani

Katika Wilaya za Tarime na Serengeti ng'ombe si mnyama wa maziwa na nyama tu. Ni mahari ya kijana, akiba ya mjane, karo ya mwanafunzi na heshima ya mzee mbele ya wenziwe. Kwa hiyo mbung'o, amnyonyaye ng'ombe damu na kumwachia vimelea vya nagana, haondoi mnyama peke yake zizini. Huondoa arusi, masomo na sauti ya mtu barazani.

Mdudu huyo ana historia ndefu katika nchi hiyo. Sotoka ilipofagia mifugo katika miaka ya 1890, malisho mengi yaligeuka vichaka, na vichaka vikawa makao ya mbung'o. Tangu hapo amekuwa mpaka wa kimya: huku boma la mfugaji, huko pori la nyumbu na nyati. Hifadhi ya Serengeti ilipoundwa mwaka 1951, sheria iliongeza mpaka wa pili.

Dawa imetafutwa mahali ambapo mkulima asingedhani. Nyani, mwizi wa mahindi afukuzwaye kwa mawe, ana jambo la kumfaa binadamu. Wataalamu wameona kuwa katika damu ya jamii fulani za nyani imo protini ambayo kimelea huimeza kama chakula, nayo ikamtoboa kutoka ndani akafa. Basi Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoko Nairobi, pamoja na Taasisi ya Roslin ya Chuo Kikuu cha Edinburgh na wataalamu wa New York, walikusudia kumtia ng'ombe jeni ya protini hiyo. Mwaka 2012 alizaliwa kwa kazi hiyo ndama wa Kiborana, nakala iliyotokana na seli, akaitwa Tumaini. Hakuwa na jeni ya nyani. Alikuwa daraja ya kwanza ya ngazi ndefu.

Kazi kama hii haiwezwi na mtu mmoja, wala kila chuo hakiwezi kununua mashine zake. Ndiyo sababu ILRI ilifungua maabara ya pamoja kwa watafiti wa Afrika Mashariki na Kati. Mfugaji wa Mara hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo, kwani analijua josho la kijiji. Ng'ombe wa tajiri na wa maskini huogeshwa katika maji yale yale, na mmoja akiachwa, kupe huwarudia wote.

Lakini josho lina kamati, na mwenye ng'ombe mmoja ana haki ya kusema ndani yake. Maabarani atasema nani kwa niaba yake? Siku mbung'o atakaposhindwa, mpaka wa kwanza utaanguka, na ugomvi wa malisho na hifadhi, ambao ni mkali tayari, waweza kuzidi. Elimu imponyayo ng'ombe isije ikamtia mwenyewe hatiani.

Wakurya wana baraza lao liitwalo iritongo, ambamo mambo ya wote husemwa mbele ya wote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na maabara itastahili kuitwa ya pamoja pale mchungaji wa Mugumu atakapoulizwa kabla ya ng'ombe kuzaliwa, si baada ya kuletewa.